Mtoto wa Desemba

Kylian Mbappé alizaliwa tarehe 20 Desemba 1998, miezi mitano baada ya Ufaransa kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Miaka sita kabla yake, tarehe 23 Desemba 1992, Mbwana Samatta alikuwa amezaliwa Dar es Salaam. Mmoja alikuja kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 19. Mwingine akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Njia zao hazifanani hata kidogo, ila wote wawili walizaliwa siku chache kabla mwaka haujaisha, na kwa mtoto anayeutaka mpira hilo ni kosa la kalenda linaloweza kumgharimu.

Soka la vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na katika nchi nyingi mstari umechorwa tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari 1998 na aliyezaliwa Desemba 1998 wanahesabiwa rika moja, wanavaa jezi za timu moja na wanagombea namba moja. Wakifika miaka 30 hakuna atakayejua nani alimtangulia mwenzake. Lakini wakiwa na miaka tisa, miezi kumi na moja ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yao yote. Wa Januari ana mguu mrefu zaidi, pafu kubwa zaidi na karibu mwaka mzima wa kuuchezea mpira ambao mwenzake hajaupata. Kocha aliyekuja kuchagua anamwona anayekimbia kwa kasi na kupiga mashuti mazito, anamwandika kwenye daftari lake, na anaamini kwamba ameona kipaji. Mara nyingi alichokiona ni umri.

Watafiti wamehesabu tarehe za kuzaliwa za vijana katika akademi za nchi nyingi za Ulaya na kukuta jambo lile lile: waliozaliwa robo ya kwanza ya mwaka wamejaa, wa robo ya mwisho ni wa kutafuta kwa tochi. Anayedhani ni mambo ya nyota aangalie Uingereza. Huko rika hupangwa kwa mwaka wa masomo, unaoanza Septemba, na wanaojaa kwenye akademi ni watoto wa Septemba, Oktoba na Novemba. Ukiuhamisha mstari, "vipaji" navyo vinahama.

Kibaya ni kwamba kosa hilo hujithibitisha lenyewe. Mtoto aliyechaguliwa kwa sababu ya ukubwa hupewa kocha bora, uwanja bora na mechi nyingi zaidi, na baada ya miaka minne anakuwa kweli mchezaji bora. Aliyeachwa anarudi kichochoroni.

Afrika Mashariki tatizo hili lina ndugu yake mkubwa, nalo lina jina: vijeba. Kijeba ni yule anayeingia mashindano ya chini ya miaka 17 huku ndevu zikimsaliti. Mwaka 2009 FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine za MRI kwenye Kombe la Dunia la vijana wa umri huo, kwa kuwa sehemu fulani ya mfupa huo huwa bado haijaungana kabisa kwa kijana wa kweli. Kelele nyingi za vijeba huishia kwenye aibu ya kufungiwa na kunyang'anywa pointi. Mara chache huulizwa ni mtoto gani aliyekaa benchi, au aliyeachwa kabisa nyumbani, ili nafasi ichukuliwe na mtu mzima. Ikiwa mtoto wa Desemba huonewa na mwenzake wa Januari mwaka ule ule, fikiria anavyoonewa na mtu aliyemzidi miaka minne.

Kwa hiyo namna nzuri ya kuupima mfumo wa kukuza vijana ni kuuliza unamfanya nini huyu mdogo. Hodari asiyefichika atapatikana hata kwa macho ya mpita njia. Mfumo unahitajika kwa ajili ya yule ambaye bado hajaonekana.

Mbappé alikuwa na bahati ya nyumbani. Alilelewa Bondy, kitongoji cha kaskazini mashariki mwa Paris, na baba yake, Wilfrid, alikuwa kocha wa vijana katika klabu ya AS Bondy. Uwanja ulikuwa jirani na mlango. Alipokaribia miaka 13 alichukuliwa na kituo cha Clairefontaine, kilichomo kwenye msitu wa Rambouillet, kusini magharibi mwa Paris. Kituo hicho ni mali ya shirikisho la soka la Ufaransa na kilifunguliwa mwaka 1988. Kabla yake Nicolas Anelka na Thierry Henry walipita hapo hapo.

Watu wengi wakisikia Clairefontaine hufikiria kiwanda cha mabao. Ratiba yake ni ya kawaida kuliko sifa zake. Kila mwaka watoto wengi wa eneo la Paris hufanyiwa majaribio, na wanaobaki ni wachache wanaoweza kukaa darasa moja. Wanaishi bwenini kuanzia mwanzo wa wiki hadi Ijumaa, asubuhi wanakwenda shule, alasiri wanafanya mazoezi. Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe: kupokea mpira, kuugeuza, kuupiga kwa mguu usioupendelea, kurudia, kurudia tena. Mwisho wa wiki kila mmoja anarudi kwao na kuichezea klabu yake ya mtaani. Baada ya miaka miwili anaondoka.

Kurudi klabuni kila Jumamosi ni jambo dogo linalobeba mengi. Kituo hakimnyang'anyi mtaa mtoto wake, na wala hakimuuzi. Kazi yake ni kumnoa katika umri ambao ubongo na miguu bado vinafundishika upesi, kisha kumwachia. Mbappé alitoka hapo akaenda Monaco, na Monaco ikampa jambo ambalo hakuna kituo kinachoweza kumpa kijana: dakika za kucheza na wanaume. Aliingia kikosi cha kwanza kabla hajatimiza miaka 17.

Ufaransa ilijenga taratibu. Ujerumani ilijenga kwa hasira.

Tarehe 20 Juni 2000, mjini Rotterdam, Ujerumani ilifungwa 3-0 na Ureno katika michuano ya Ulaya. Mabao yote matatu yalifungwa na Sérgio Conceição. Wajerumani waliondoka na pointi moja, wakiwa wa mwisho kwenye kundi, na katika safu yao ya nyuma alikuwamo Lothar Matthäus, mwenye miaka 39. Ilikuwa nchi iliyokwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tatu, na nyuma ya mzee huyo hapakuwa na foleni ya vijana waliokuwa tayari kumpokea jezi. Klabu tajiri zilikuwa zimezoea kununua wageni waliokwisha kuiva.

Dawa waliyochagua haikuwa ya kufukuza kocha tu, ingawa kocha Erich Ribbeck naye aliondoka. Shirikisho na ligi waliwabana wenye mali. Klabu ya daraja la kwanza isiyo na akademi iliyokamilika isingepewa leseni ya kucheza ligi, na muda si mrefu sharti hilo likazifikia klabu za daraja la pili. Klabu thelathini na sita zikalazimika kuajiri makocha wa vijana wa kulipwa, kujenga viwanja na mabweni, na kushirikiana na shule ili mtoto asichague kati ya kalamu na mpira. Wenye klabu walinung'unika juu ya gharama, kama wenye klabu wanavyonung'unika kila mahali.

Hatua ya pili ndiyo iliyomlenga mtoto wa Desemba, pengine bila kukusudia. Kuanzia mwaka 2002 shirikisho lilifungua vituo 366 nchi nzima kwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Havikuwa mabweni wala majengo ya fahari. Vingi vilikuwa viwanja vya kawaida vya mitaa na vijiji. Mara moja kwa wiki, mtoto anayecheza katika klabu ndogo isiyojulikana alikutana na kocha aliyesomea kazi yake, akafanya mazoezi ya ziada, akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Makocha wapatao 1,300 waliajiriwa kwa muda, na watoto waliopita kila mwaka walikuwa karibu 14,000. Mtoto aliyeachwa na klabu kubwa akiwa na miaka tisa kwa kuwa mdogo alipata watu wa kumtazama upya akiwa na 12, tena na 13. Anayechelewa kukua hapewi hukumu moja tu.

Matunda yalichukua muda wa kutosha kumfanya mwanasiasa yeyote akate tamaa. Mwaka 2009, huko Malmö, vijana wa Ujerumani chini ya miaka 21 waliifunga Uingereza 4-0 katika fainali ya Ulaya. Humo walikuwamo Manuel Neuer, Mats Hummels, Jérôme Boateng, Benedikt Höwedes, Sami Khedira na Mesut Özil. Wote sita walikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2014, baada ya kuipiga Brazil 7-1 nyumbani kwake. Bao la fainali lilifungwa dakika ya 113 na Mario Götze, kijana wa miaka 22 aliyelelewa katika akademi ya Borussia Dortmund, kwa pasi ya André Schürrle, mwenye miaka 23. Tangu aibu ya Rotterdam ilikuwa imepita miaka kumi na minne, yaani muda wa mtoto wa miaka minane kufikia umri wa Götze.

Jirani yao Ubelgiji alijiuliza swali jingine. Naye aliaibika mwaka ule ule wa 2000, tena akiwa mwenyeji wa michuano pamoja na Uholanzi. Chini ya mkurugenzi wa ufundi Michel Sablon, Wabelgiji waliwaendea wataalamu wa chuo kikuu, wakachambua video za mamia ya mechi za watoto, wakakuta kitu ambacho mzazi yeyote aliyesimama pembeni mwa uwanja angeweza kukisema: mtoto mdogo akiwekwa kwenye uwanja mkubwa wa wachezaji kumi na mmoja kwa kumi na mmoja haugusi mpira. Anakimbia, anapiga kelele, anasubiri, na mechi inaisha. Wachache wenye miguu mirefu ndio wanaocheza, wengine ni wasindikizaji.

Wakabadilisha. Wadogo kabisa wawili kwa wawili, halafu watano kwa watano, halafu wanane kwa wanane, na kumi na mmoja waje baadaye. Misimamo ya ligi ikaondolewa kwa wadogo, maana kocha anayehesabu pointi huchagua wakubwa. Wakaunda pia timu za taifa za pembeni kwa ajili ya vijana wanaochelewa kukomaa kimwili, ili wasipotee kabla miili yao haijafikia akili zao. Novemba 2015 Ubelgiji, nchi yenye watu kama milioni kumi na moja, ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya FIFA, na mwaka 2018 ikawa ya tatu duniani. Dries Mertens, aliyewahi kuachwa na akademi ya klabu kwa sababu ya udogo wake, alikuwamo.

Msomaji aliyekulia Tandika, Kisumu Ndogo au Kawangware anaweza kucheka hapa. Wawili kwa wawili, uwanja mdogo, magoli ya mawe mawili, hakuna refa: hiyo ni chandimu. Nairobi wanatumia mpira wa juala uliofungwa kamba, Dar es Salaam mpira wa matambara, na mwenye mpira wake akikasirika mechi imekwisha. Wataalamu wa Ulaya wamelipia utafiti ili wawarudishie watoto wao kile ambacho watoto wa kwetu wanakipata bure kila jioni. Mtoto wa mtaani Afrika Mashariki hugusa mpira mara nyingi tangu akiwa na miaka mitano. Anachokosa ni kinachofuata baada ya hapo.

Abidjan ndiko mahali ambapo mtu mmoja alikijenga kinachofuata. Jean-Marc Guillou, Mfaransa aliyewahi kuchezea timu ya taifa lake, alishirikiana na rais wa klabu ya ASEC Mimosas, Roger Ouégnin, wakaanzisha akademi mwaka 1994. Guillou hakutafuta majitu. Alitafuta watoto wanaoujua mpira kwa mguu, akawafundisha peku. Viatu vingekuja baadaye. Kwanza mguu uuzoee mpira kama mkono unavyouzoea mkate. Waliishi pamoja, walisoma pamoja, walicheza pamoja miaka mingi, hata mmoja akajua atakakokimbilia mwenzake kabla hajakimbia.

Februari 1999 jiji zima likaona. ASEC ilikuwa bingwa wa Afrika, lakini wachezaji wake wazoefu walikuwa wamekwisha kuondoka. Kwenye mechi ya Super Cup ya Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, klabu ikawaingiza vijana wa akademi, wengi wao wakiwa bado hawajafikia miaka 20. Wakashinda 3-1 katika muda wa nyongeza. Kutoka kwenye bwawa hilo moja walitoka Kolo Touré na mdogo wake Yaya, Didier Zokora, Emmanuel Eboué, Salomon Kalou na Gervinho. Mwaka 2006 Ivory Coast ilipokwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, akademi ilikuwa imejaa kwenye kikosi.

Sehemu ya pili ya hesabu ya Guillou ndiyo ambayo wengi huisahau. Mwaka 2001 aliichukua Beveren, klabu iliyokuwa taabani huko Ubelgiji, akaifanya kivuko. Vijana wake walitoka Abidjan wakatua kwenye ligi ya kati, wakazoea baridi, chakula na mikwaruzo, ndipo wakapanda. Senegal nayo ilifuata njia ya daraja: akademi ya Génération Foot iliungana na klabu ya Metz ya Ufaransa, na ndiyo njia aliyoipita Sadio Mané, aliyetoka kijiji cha Bambali. Mwaka 2011 alikuwa Metz, 2012 Salzburg, 2014 Southampton, 2016 Liverpool. Hakuna hatua aliyoiruka. Morocco nayo ilijenga ya kwake: akademi ya Mohammed VI, karibu na Rabat, iliwalea Youssef En-Nesyri, Nayef Aguerd na Azzedine Ounahi, waliokuwa kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022.

Samatta hakulelewa na kituo chochote cha namna hiyo. Kijana wa Mbagala alipita African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe wakamwona alipocheza dhidi yao katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikuwa na miaka 18. Akahamia kwao Lubumbashi, mji ambao mtoto wa Dar es Salaam hahitaji mkalimani akienda sokoni, na huko akakaa karibu miaka mitano. Ni rahisi kuipita miaka hiyo haraka kwa sababu Ulaya ndiko kunakopigwa picha. Lakini Lubumbashi ndiyo iliyokuwa Beveren yake. Alicheza mechi kubwa kila mwaka, alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Mwezi huo huo akaenda Genk, mwaka 2019 akatwaa nao ubingwa wa Ubelgiji, mwaka 2020 akaingia Aston Villa.

Kati ya miaka 18 na 21 ndipo wengi hupotelea. Wakati huo si mtoto tena, na timu ya wakubwa haijamwamini. Waingereza hulitatua hilo kwa mikopo. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto, akalelewa Tottenham, kisha akatembezwa Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla ya kuaminiwa. Kwingine zipo timu za pili za klabu zinazocheza kwenye ligi za chini. Palipo na ligi ya vijana ya jina tu, kijana humaliza miaka hiyo akipasha misuli pembeni, akisubiri mchezaji wa kigeni aumie.

Nyumbani Tanzania, mwaka 2017 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana, walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17. Walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola, na kwa kufungwa 1-0 na Niger katika mechi ya mwisho wakakosa nusu fainali na tiketi ya Kombe la Dunia. Nchi ilisimama kuwatazama. Wapo waliofika: nahodha wao, Dickson Job, alipita Mtibwa Sugar kabla ya kuwa beki wa Yanga na timu ya taifa. Lakini kumtaja mmoja kwa jina ni njia ya kukumbusha kwamba kikosi kilikuwa na vijana zaidi ya ishirini. Miaka miwili baadaye Tanzania ikawa mwenyeji wa mashindano hayo hayo, ikafungwa mechi zote tatu, ikiwamo ya 5-4 na Nigeria ambayo waliokuwa uwanjani hawajaisahau. Timu ya taifa ya vijana ni paa. Kwa kawaida huezekwa kwa kambi ya miezi michache, huku ukuta wa mashindano ya shule, Umitashumta na Umisseta, pamoja na ligi za mikoa ukiachwa ujishikilie wenyewe.

Klabu ya Azam ilijaribu kuujenga ukuta huo pale Chamazi kwa kuwa na uwanja wao na vijana wao. Nairobi kuna mfano mwingine, wa zamani zaidi. Mwaka 1987 lilianzishwa shirika la vijana la Mathare, MYSA, ambalo timu zake hupata pointi si kwa kushinda mechi tu bali pia kwa kusafisha mitaa yao. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa Kenya. Haikuwa na tajiri wa kuipa magari ya kifahari. Ilikuwa na ligi ya watoto iliyochezwa mwaka baada ya mwaka, na hilo peke yake tayari ni adimu.

Swali la fedha halikwepeki, na hapa kuna jambo ambalo viongozi wengi wa klabu ndogo hawalijui au wanalijua wakiwa wamechelewa. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Mchezaji akiuzwa kwa euro milioni 10, fungu hilo ni 500,000. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya euro 25,000, na kila msimu kati ya 16 na 23 una 50,000. Kwa klabu ya mchangani hiyo ni bajeti ya miaka kadhaa. Sharti ni moja: mtoto awe amesajiliwa rasmi, jina lake, tarehe yake ya kweli na msimu wake vikiwa kwenye kumbukumbu za shirikisho. Kocha aliyemfundisha kijana miaka sita chini ya mwembe bila kumwandikisha popote hana cha kudai. Aliyemsajili miezi sita anacho. Tangu mwaka 2022 FIFA imeanzisha chombo maalumu cha kuzikusanya na kuzigawa fedha hizo, lakini chombo hicho husoma karatasi. Hakijui habari za mwembe.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo inayomfukuza kijeba. Mtoto aliyesajiliwa akiwa na miaka minane hawezi kurudi akiwa mtu mzima na kudai bado ana 17.

Kanuni nyingine inayofaa kujulikana nyumbani ni ile inayokataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusu soka. Wakala anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 15 kwenye majaribio Ulaya na kudai nauli kwa mzazi anauza kitu ambacho hana.

Na wale wasiofika? Hata kwenye akademi bora kabisa, ndio wengi. Mtoto anaingia na miaka tisa, mtaa mzima unamwita kwa jina la mchezaji fulani, kisha akiwa na 16 anaitwa ofisini, anapewa mkono na barua. Ndiyo sababu Clairefontaine inang'ang'ania shule, na ndiyo sababu Wajerumani waliziunganisha akademi zao na madarasa. Kituo kinachomwondoa mtoto shuleni ili afanye mazoezi mara mbili kwa siku kinacheza kamari kwa mtaji usio wake. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hupendwa sana na makocha, ila haisemi lolote juu ya samaki aliyekunjwa vibaya.

Ujerumani yenyewe haikubaki kileleni. Mwaka 2018 ilitolewa hatua ya makundi ya Kombe la Dunia, mwaka 2022 ikatolewa tena hatua hiyo hiyo. Lawama ziliangukia akademi zile zile zilizosifiwa: zimezalisha viungo wengi wanaopiga pasi safi, zimesahau kuzaa mtu wa kumkabili beki na kumpita. Mwishoni mwa 2023 vijana wao wa chini ya miaka 17 wakawa mabingwa wa dunia nchini Indonesia, lakini shirikisho halikusubiri sherehe ziishe kwani mabadiliko mengine yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Tangu msimu wa 2024/25, mechi za watoto wadogo nchini humo zimebadilika sura. Wenye miaka sita hivi hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu kwenye viwanja vidogo vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kikiwa na magoli manne madogo, hakuna kipa. Baada ya dakika chache kengele inalia: walioshinda wanasogea uwanja mmoja upande huu, walioshindwa wanasogea upande ule, na mechi nyingine inaanza. Hakuna msimamo wa ligi. Wachezaji wa akiba wanaingia kwa zamu, si kwa matakwa ya kocha, na baada ya raundi mbili tatu wadogo wamejikuta wakicheza na wadogo wenzao, kila mmoja na mpira miguuni.